Machipukizi ya Miparachichi na Miembe Michanga: Cha Kununua Kwanza na cha Kuacha Dukani

Mkulima wa Bahati au Subukia, kaunti ya Nakuru, aliyepanda miche ya parachichi aina ya Hass iliyopandikizwa huona, mvua za masika zikishika, machipukizi yakitoka chini ya kiungo cha upandikizaji, kwenye shina la chini lisilozaa tunda alilolilipia. Yakiachwa huipita kwa kasi sehemu iliyopandikizwa na hatimaye kuifunika.

Nafasi ya kwanza nayapa makasi makali ya kupogolea, pamoja na chupa ndogo ya spiriti ya kuyafutia kabla ya kuhamia mti mwingine. Chipukizi laini lenye urefu wa kidole halihitaji hata makasi: likisukumwa kando kwa kidole gumba hung'oka na kitako chake, pamoja na macho ya kuchipulia yaliyopo hapo. Lililokomaa likikatwa na kuachiwa kisiki, macho hayo huchipua mawili au matatu mahali pa moja. Mwenye miti michache anayeikagua kila wiki hana haja ya dawa.

Nafasi ya pili ni kidhibiti ukuaji chenye NAA kilichotengenezwa mahususi kwa kuzuia machipukizi, ambacho kwa kawaida huwa na takriban asilimia 1 ya kiambato hicho. NAA huiga homoni ya ncha ya mmea inayoyalaza macho ya pembeni. Kwa hiyo hupakwa kwa brashi kwenye jeraha mara baada ya kukata, bila kugusa majani, maua wala sehemu iliyopandikizwa. Kisumu, ambako mvua hupenda kunyesha alasiri, paka asubuhi ili ikauke. Kabla ya kulipa, mwambie mwenye agroveti akuonyeshe kifungashio kisichofunguliwa, chenye nambari ya usajili ya PCPB (bodi ya Kenya inayosajili dawa za kilimo) na jina la zao lako kwenye lebo. Zao lisipotajwa, usinunue. Mche uliopandwa juzi nao usipakwe kabisa.

Unga wa kuotesha mizizi ya vipandikizi, ambao wakati mwingine una NAA, si mbadala, kwa sababu kipimo chake ni kidogo mno kwa kazi hii.

Paklobutrazoli, kidhibiti ukuaji kingine, naiweka mwisho. Huzuia utengenezaji wa jibereli (homoni ya kurefusha mmea), hufupisha mti mzima na hukaa udongoni muda mrefu. Inawafaa wenye miembe iliyokomaa wanaotafuta maua, bali mti mchanga unaojenga matawi huudumaza.

Glifoseti, dawa ya kuua magugu, isinunuliwe kwa kazi hii hata kwa bei ya kutupa, kwani chipukizi limeungana na mti, na dawa iliyopuliziwa majani yake hushuka hadi mizizini.