Miezi minane na Biblia ya simu kanisani, hapa Malindi

Biblia yangu ya kitabu iliharibiwa na hewa ya bahari. Anayeishi Malindi ananielewa: unyevu na chumvi huingia hata kabatini. Jalada lilichunika, kurasa za Zaburi zikashikana kwa ukungu. Basi nikahamia kwenye simu.

Programu ya kwanza niliyopakua siitaji jina. Ilikuwa ya bure, kumbe malipo yake ni aibu. Mzee wa kanisa yuko kwenye Mithali 13, pale panapozungumzia mali ya haraka, kioo changu kikajaa tangazo la kamari, na muziki juu! Niliifuta nikiwa palepale kwenye benchi.

Nikaenda kwa YouVersion, ile iliyoanzishwa na kanisa moja la Oklahoma, Marekani, mwaka 2008. Nayo ni ya bure, lakini haina matangazo. Ina Kiswahili cha Union Version, hiki tulichokariri tangu Sunday school, na tafsiri ya Habari Njema pia. Cha kwanza ufanye: pakua toleo lako nyumbani, usitegemee bando kanisani. Si kila toleo linaruhusu kupakuliwa, kwa hiyo hakikisha Jumamosi. Ukishapakua, bonyeza ile alama ya ndege (eropleni) inayozima mtandao. Kuzima mlio peke yake hakutoshi. Simu ikitetemeka juu ya benchi la mbao wakati wa maombi ya kimya, utadhani nyuki wameingia kwenye debe.

Kwa kutafuta mahali, kitabu hakioni ndani. Mhubiri akisema Obadia, kile kitabu cha sura moja na aya 21, mimi nimeshafika na wenzangu bado wako Hosea wanapekua. Zaburi 119 ndiyo ilinishinda. Ina aya 176. Kidole kikiteleza kidogo tu umepotea, na hakuna ukurasa wa kushoto wala wa kulia wa kukukumbusha ulipokuwa.

Kosa langu kubwa lilikuwa siku niliyoongoza Zaburi ya kupokezana. Usiku wake nilisoma Habari Njema nikasahau kurudisha. Waumini wanajibu “Bwana”, mimi kule mbele nasema “Mwenyezi-Mungu”, aya baada ya aya. Watoto wa kwaya walicheka. Sasa kabla sijasimama naangalia jina la toleo pale juu kama dereva anavyoangalia mafuta.

Kuna mzee mmoja ambaye hadi leo hakubali. Anasema Neno ni la kushika kwa mikono miwili. Nilimkumbusha Luka 4: katika Union, Yesu kule Nazareti alipewa “chuo” cha Isaya. Sisi watu wa pwani chuo tunakijua kuwa ni madrasa, lakini zamani chuo ni kitabu, na chuo kile cha Nazareti kilikuwa gombo la kukunjwa, hakina hata kurasa. Alinyamaza kidogo, akaniuliza kama gombo lile pia lilikuwa linaisha chaji. Hapo alinipata. Stima ikipotea usiku wa Jumamosi, asubuhi naingia kanisani na asilimia kumi na roho mkononi. Na ibada ikifanyika nje chini ya mwarobaini, jua la saa nne linakigeuza kioo kuwa cha kujitazama uso.

Jirani yangu wa benchi ni hawe mmoja, ndivyo Wagiriama wanavyomwita bibi. Jumapili ya kwanza alinikata jicho.

“Mjukuu wangu, hata mbele za Mungu wachati?”

“Hapana, hawe. Nasoma.”

Nikamwonyesha, nikakuza herufi hadi aya mbili tu zikajaa kioo. Miwani yake ilikuwa imevunjika mkono tangu Pasaka. Hakusema kitu, ila Jumapili iliyofuata alikaa karibu zaidi, na ya tatu simu ikawa mapajani mwake, mimi ndiye nachungulia.

Wiki jana tulikuwa mwisho wa Malaki, kitabu kinachofunga Agano la Kale. Hawe akalamba kidole kama afanyavyo kwenye kitabu, akafunua. Tukajikuta Mathayo, Agano Jipya, miaka kama 400 imepita kwa mate. Akanigeukia, “Nirudishe, huyu mchungaji hajamaliza.”