Unanunua nyumba Arusha, chini ya Mlima Meru? Pima maji kwanza

Mwanangu wa pili alipong'oka meno ya utoto, mawili ya mbele ya juu yaliota na mabaka. Nilidhani hasugui vizuri. Nikambadilishia mswaki, nikabadilisha dawa, nikawa namsimamia kila usiku. Mabaka hayakutoka, yakazidi kukolea mpaka yakawa kahawia. Daktari wa meno hakumtazama hata dakika moja, akanigeukia mimi: "Mama, mnaishi upande gani, na maji mnatoa wapi?"

Miaka sita nyuma, mtoto akiwa ndiyo kwanza anasimama dede, tulinunua nyumba upande wa Usa River. Vyumba vinne, migomba nyuma, kisima ndani ya ukuta, na asubuhi isiyo na mawingu unauona Mlima Meru wote hadi kileleni, mita 4,566. Dalali alituambia maji hayakatiki mchana wala usiku, na hapo alisema kweli. Kilichomo ndani ya maji hakukigusa, nasi hatukuuliza. Baada ya kutoka kwa daktari tulipeleka chupa maabara. Jibu: miligramu 7 za floridi kwa lita, madini yanayotia meno mabaka yakizidi. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa nchini kwa sasa ni 1.5, sawa na cha Shirika la Afya Duniani. Kabla ya hapo Tanzania iliruhusu hadi 4 kwa miaka mingi, kwa sababu mikoa yetu hii ya kaskazini maji yenye floridi chini ya hapo yalikuwa shida kupatikana. Sisi tulikuwa tumeupita hata ule uliolegezwa.

Tangu niliposimulia habari hii nimepokea ujumbe mwingi wa watu wanaotaka kununua huku mlimani: wenye kazi Dar wanaotafuta baridi, wastaafu, vijana wanaojenga polepole. Wote wananiuliza barabara, umeme, usalama, bei. Hayo utayaona kwa macho yako siku ya kwanza, na usipoyaona wewe atayaona shemeji yako. Mimi nitakueleza lile lisiloonekana.

Meru ni volkano, na mara ya mwisho ilitoa majivu mwaka 1910. Mvua inayonyesha kule juu huzama, ikapita kwenye mawe na majivu ya volkano yenye floridi nyingi, ikiibeba njia nzima. Kadiri maji yanavyokaa muda mrefu na kuteremka mbali, ndivyo yanavyobeba zaidi. Kwa hiyo chemchemi iliyo juu karibu na msitu kwa kawaida ni nafuu kuliko kisima kirefu cha bondeni. Nasema kwa kawaida, maana visima viwili vya majirani vinaweza kutoa majibu tofauti kabisa. Floridi haina rangi, haina harufu, haina ladha. Maji yetu yalikuwa meupe kama ya chupa.

Na tafadhali, kuchemsha hakusaidii. Kunapunguza maji na floridi inabaki palepale, kwa hiyo inazidi kuwa nzito. Chujio la kawaida la mshumaa, lile la ndoo mbili, nalo haliondoi. Kinachoondoa ni mkaa wa mifupa, ambao Wizara ya Maji imeufanyia utafiti miaka mingi pale kituo cha Ngurdoto, au mashine ya kuchuja kwa shinikizo, ambayo bei yake ni kubwa na vichujio vyake lazima vibadilishwe. Jino likishaota na rangi ile, hakuna kusugua kutakakolirudisha. Anayekunywa maji makali miaka mingi anaweza kufikia kuumwa mifupa na viungo, na watoto kupinda miguu. Wazee wa huku wanayajua haya kuliko dalali yeyote.

Kwa hiyo nimepanga maeneo kwa kigezo hicho kimoja. Mengine utayapanga mwenyewe.

1. Ilboru na Sekei juu

Hapa ndipo ninapopapenda na sifichi. Uko mlimani kweli, hewa ni baridi, mjini unafika kwa kifodi (daladala ndogo) bila kupoteza asubuhi, na nyumba nyingi zina maji ya mamlaka ya jiji. Mradi mkubwa wa maji wa Arusha, ule wa shilingi bilioni 520 uliofadhiliwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, umeongeza maji mengi kwenye mfumo. Hata hivyo usimwamini mtu anayesema "ni maji ya mamlaka" halafu akanyamaza. Muulize nyumba inalishwa na chanzo gani, halafu kinga chupa bombani mwenyewe ukapime.

Ubaya wa Ilboru ni viwanja. Ardhi nyingi ni ya koo, imegawanywa baba kwa mtoto mpaka vipande vimekuwa vyembamba kama mkeka. Unaweza kulipa leo, kesho akatokea ndugu kutoka Mererani anasema hakushirikishwa. Kaa na ukoo mzima, si na kijana mmoja mwenye haraka. Na mke wa muuzaji asaini. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, hairuhusu nyumba ya familia kuuzwa bila ridhaa ya mwenza, na kesi za namna hiyo zimewala watu wengi.

Ukipewa kiwanja kinachogusa mto Themi, Naura au Kijenge, rudi nyuma. Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka ukingo. Mandhari ya mto ndiyo wanayoiuza kwa bei ya juu, wakati huruhusiwi hata kujenga choo hapo.

2. Tengeru, upande wa juu: Akheri, Patandi, Nkoaranga

Ukitokea Arusha kwa barabara ya Moshi, ni upande wa kushoto, kwenye migomba na kahawa ya Wameru. Kuna kaya zinazotumia maji ya mtiririko kutoka juu, na hayo ndiyo ya kuyatafuta. Soko la Tengeru Jumatano na Jumamosi litakupunguzia gharama ya jikoni kuliko unavyofikiri. Ziwa Duluti liko jirani kwa matembezi ya jioni.

Tatizo ni kwamba wauzaji wa kule chini ya barabara nao wanaandika "Tengeru" kwenye matangazo. Juu na chini ya lami ni vitu viwili. Mwambie akuonyeshe bomba linatokea wapi, mfuate hadi kwenye chemchemi ikibidi. Mimi sasa ningevaa raba na kupanda.

Kihamba cha Mmeru, yaani shamba la urithi la familia, hakiuzwi kirahisi, na hilo ni jambo jema. Ukikuta kinauzwa harakaharaka, uliza majirani sababu kabla ya kuuliza bei.

3. Ngaramtoni na Olmotonyi

Magharibi ya mlima, njia ya Namanga. Bei imetulia kidogo, msitu uko karibu, baridi ya Julai ni ya kweli. Maji yanatofautiana mno kutoka mtaa hadi mtaa. Sina la kuongeza zaidi ya kupima.

4. Usa River, Maji ya Chai na kuzunguka hadi Ngarenanyuki

Ni pazuri, kwa moyo wangu wote ni pazuri, na nyumba nyingi kubwa zenye bustani ziko huku. Lakini huku ndiko floridi ilikojaa. Ngarenanyuki upande wa kaskazini, kwenye maziwa ya Momella, ni kali kupita zote. Ukitaka kununua huku, nunua kwa sharti moja: usinywe wala kupikia maji ya ardhini. Kinga maji ya mvua, kama nitakavyoeleza.

Kuhusu viwanja vya bei nafuu vya Muriet na Kisongo: huko si mlimani, ni tambarare, na maji mengi ni ya boza. Kama fedha ndiyo hiyo, sawa, ila muulize mwenye boza anachota wapi.

Tanki kabla ya vigae

Maji ya mvua hayajapita kwenye mwamba, kwa hiyo hayana shida hii. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Nyumba yenye paa la mita za mraba 120 ikipata mvua ya milimita 20 siku moja ya masika inatoa lita 2,400. Ondoa theluthi moja kwa ya kusafisha bati na yanayomwagika, unabaki na 1,600. Familia ya watu watano inatumia takriban lita 25 kwa siku kwa kunywa na kupika tu. Kutoka Juni hadi Oktoba mwishoni, siku 150 hivi, ni lita 3,750. Tanki la lita 5,000 likijaa kabla ya masika kuisha linawavusha hadi vuli. Kisima kibaki cha kufulia, kuoga na choo.

Tanki langu ni Simtank, na ndilo ninalompendekezea kila anayeniuliza. Fundi yeyote wa Arusha anajua kulifunga, na vifaa vyake unavipata hata Usa River sokoni. Langu limekaa juani mwaka wa pili halijapasuka. Nilishanunua tanki lisilo na jina kwa sababu lilikuwa rahisi, likachanika chini kwenye bomba msimu wa kwanza. Weka chujio la wavu kwenye mfereji, na bomba la kumwaga maji ya dakika za mwanzo.

Halafu kuna magadi. Wengi wetu tunalainishia makande na maharage kwa magadi, na magadi ya huku yana floridi nayo. Unaweza kuhangaika na maji halafu ukaitia kwenye sufuria kwa kijiko. Loweka maharage usiku kucha, utapika bila magadi.

Jinsi ya kupima: nunua chupa mpya ya plastiki, isiwe ya kioo. Isuuze mara tatu kwa maji yaleyale ya bomba, jaza, andika tarehe na mahali, peleka maabara ya ubora wa maji ya Wizara ya Maji. Pima kabla ya kulipa hata shilingi ya kishika nafasi. Muuzaji akikuzuia kuchukua chupa moja ya maji, jibu umeshapata. Na ukiwa pale, msalimie mama jirani, keti, ongea. Watu waliozaliwa hapo wakicheka utaona meno yao. Fanya kwa heshima, ni miili ya watu.

Nina uchungu na madalali na lazima niutoe. Tulipotafuta nyumba tulilipa hela ya kuonyeshwa kila siku, hata kwa nyumba zilizokuwa zimeshauzwa. Dalali wetu alizaliwa kilomita tatu kutoka nyumba ile. Alijua. Meno yake yalijua. Mwenyekiti wa eneo naye alitaka asilimia kumi ya bei ili agonge muhuri, na risiti hatukupata. Muuzaji alitaja bei kwa dola, kwa nyumba ya Tanzania, kwa wanunuzi Watanzania. Tangu kanuni za 2025 ni kosa kutaja bei au kudai malipo ya ndani kwa fedha za kigeni, kwa hiyo ukikutana na tangazo la dola mwambie akuandikie kwa shilingi. Kodi ya ongezeko la mtaji ni mzigo wa muuzaji, usikubali ihamishiwe kwako kimyakimya kwenye mkataba. Fanya upekuzi kwa Msajili wa Hati wewe mwenyewe au wakili wako, asikufanyie dalali.

Sisi sasa tumepanga Ilboru, na nyumba ya Usa River tumeitangaza tangu Januari. Karatasi ya maabara nimeiweka juu kabisa kwenye faili, kila anayekuja anaisoma kabla hajaona vyumba. Watatu wamesoma wakaaga. Wa nne, mama mwenye mapacha wachanga, aliisoma mara mbili, akauliza kama tanki linabaki na nyumba. Nimemwambia linabaki, na wiki hii fundi anaongeza la pili.