Kikokotoo cha shekeli na ratili: hesabu safi, menyu ndo inapoteza watu

Kama unaandaa somo la Biblia au unaandika chochote cha mambo ya kale na wasomaji wako wanafikiri kwa ratili na aunsi, basi hizi shekeli na talanta, vipimo vya uzito vya kwenye Biblia, zimeshakusumbua, so acha niseme kuhusu hiki kikokotoo cha bure ninachotumia kwenye simu. Unaandika namba, unachagua kipimo cha kutoka na cha kwenda, jibu linatokea hapohapo hata bila kubonyeza kitu, na kinaenda pande zote mbili, na hata bando likiisha kinafanya kazi. Upande huo sina neno.

Kilichonifanya nikiamini mwanzoni ni kwamba hawakuokota namba hewani. Shekeli ya Kiebrania wameiweka gramu 11.4, na hiyo inatokana na mawe ya mizani yaliyochimbuliwa Yuda, ya wakati wa wafalme, vijiwe vya duara vilivyo bapa chini vyenye alama imechongwa juu, ambavyo ukivipima vingi vinaangukia kwenye 11.3 au 11.4 hivi, kimoja kinapungua kidogo kingine kinazidi. Beka wameweka nusu shekeli, gera 20 kwa shekeli, talanta shekeli 3000. Hiyo ya talanta unaweza kuihakiki mwenyewe kwenye Kutoka 38, wanaume 603,550 kila mmoja katoa nusu shekeli, jumla shekeli 301,775, na maandiko yanasema hizo ni talanta 100 na shekeli 1,775. Piga hesabu, inakubali kabisa.

Sasa ingiza hiyo 301,775 kwenye kikokotoo uone kinachokuja: talanta 100.591666667. Jamani, nani alipima fedha kwa desimali tisa? Mtu wa kale alihesabu talanta nzima halafu mabaki kwa shekeli, na hata Muingereza wa ratili ana tabia hiyohiyo, anasema stoni 5 na ratili 5 (stoni moja ni ratili 14), hasemi stoni 5.357. Kuweka jibu la vipande viwili si kazi ngumu kwa mtu aliyeweza kutengeneza programu nzima. Na jiwe lenyewe la mizani hatulijui kwa uhakika zaidi ya sehemu ya kumi ya gramu, kwa hiyo zile desimali zote ni urembo tu, ukizikopi kwenye slaidi unadanganya watu kwa sura ya usahihi.

Ila tatizo kubwa zaidi ni menyu. Ukibonyeza "shekeli" zinatokea tatu, ya Kiebrania, ya Babeli na ya Tiro, zimepangwa kwa alfabeti bila maelezo yoyote, na ya Babeli ndo imetangulia kwa hiyo mwenye haraka ataiacha hiyohiyo. Chukua darii ya Goliathi, lile vazi lake la vita, 1 Samweli 17, shekeli 5000 za shaba. Kwa shekeli ya Kiebrania unapata ratili kama 126, yaani kilo 57. Kwa ya Babeli, ambayo wao wameiweka gramu 8.4, inashuka mpaka ratili 93. Ukigusa ya Tiro ya gramu 14 inapanda mpaka ratili 154!! Jitu ni lilelile, vita ni ileile, wewe umegusa mstari wa chini tu. Na ile ya Tiro ni sarafu ya fedha ya karne nyingi baadaye, ndo waliyolipia kodi ya Hekalu enzi za Warumi, haina biashara yoyote na Goliathi. Mstari mmoja wa maelezo chini ya kila jina, shekeli hii ya wapi na ya lini, ungemaliza kesi yote.

Mane, kipimo kilicho kati ya shekeli na talanta, nayo hivyohivyo. Wameweka shekeli 50 kimyakimya, ambayo ndo watu wengi wanaichukua, lakini Ezekieli 45:12 anajumlisha 20 na 25 na 15, inakuja 60. Kwa mane moja ni tofauti ya aunsi 20 na aunsi 24, unaweza kusema ni kitu kidogo, ila ukifika mane mia mzigo umeshaongezeka ratili 25. Wangeacha mtu achague.

Upande wa vipimo vya Kiingereza wamejitahidi kuliko nilivyotegemea. Kuna aunsi ya kawaida ya gramu 28.35 na aunsi ya troi ya gramu 31.1, na hapa kweli wameandika maelezo, kwamba ya troi ni ya dhahabu na fedha. Shekeli moja ni 0.402 ya ile ya kwanza na 0.367 ya pili, kwa hiyo ukibadilisha zile shekeli 400 za fedha ambazo Ibrahimu alimpimia Efroni kwa ajili ya shamba la Makpela, amua kwanza unaongea na nani. Tani nayo wametenganisha ya Uingereza ya ratili 2240 na ya Marekani ya ratili 2000, safi sana, maana talanta 666 za dhahabu za Sulemani ni tani 22.4 kwa mmoja na 25.1 kwa mwingine. Sasa kama waliweza kuelezea aunsi, shekeli iliwashinda nini?

Kingine, pim, kipimo kidogo kuliko shekeli, haipo. Ni kweli kwenye Biblia imetokea mara moja tu, pale Waisraeli wanapolipa Wafilisti kunolewa majembe, lakini mawe yake yamechimbuliwa, yana jina limechongwa, kama gramu 7.8, karibu theluthi mbili za shekeli. Netsefu, kipimo kingine cha gramu 9.8 hivi, ambayo Biblia haiitaji kabisa, wameiweka. Pim hakuna, we elewa mwenyewe.

Nyota tatu na nusu. Kwa Agano la Kale weka ya Kiebrania, uiguse kwa mkono wako kila ukifungua maana haikumbuki ulichochagua, na jibu ulikate kwenye namba mbili tatu za mwanzo.