Miungu wa Theros tuliwageuza koo za mlimani: uzoefu wangu

Kitabu chenyewe ni Mythic Odysseys of Theros, cha Dungeons & Dragons toleo la tano, kilichotoka 2020. Theros ni ulimwengu uliotokea kwenye mchezo wa karata wa Magic: The Gathering, na umejengwa kwa mfano wa hekaya za Wagiriki wa kale: miungu wanaogombana, mashujaa wanaotafuta sifa, bahari yenye hasira. Sisi hapa Moshi hatuchezi Theros na hatuna mpango huo. Kampeni yetu, yaani hadithi tunayoiendeleza kikao hadi kikao, iko kwenye mlima tuliouchora wenyewe, wenye vihamba (mashamba ya migomba ya ukoo), mifereji na wamangi (machifu) wanaoviziana. Kwa hiyo sitapitia kitabu kizima. Naongelea kanuni moja ya humo, alama za uchaji, nilivyoihamishia kwenye kampeni isiyo yake, na kama inafaa utoe hela yako kwa ajili hiyo.

Kwa asiyeujua mchezo: watu wanakaa mezani, kila mmoja na mhusika wake, mmoja anaendesha hadithi (hapa ni mimi), na jambo lenye mashaka linaamuliwa kwa dadu, hasa ile ya pande 20.

Kanuni iko hivi. Mhusika akijiweka chini ya mungu mmoja anaanza na alama 1. Akifanya la kumpendeza anaongezewa, kwa kawaida moja moja, akimuudhi anapunguziwa. Akifikisha 3, 10, 25 na 50 anapewa kipawa. Kile cha 50 ni kizito: kinaongeza 2 kwenye sifa mojawapo ya mhusika (nguvu, wepesi, akili na kadhalika), na kikomo cha sifa hiyo nacho kinapanda kwa 2, yaani kutoka 20 ya kawaida hadi 22. Kila mungu ana orodha yake ya yanayompendeza na yanayomchukiza, na linalomfurahisha Thassa wa bahari si lazima limfurahishe Purphoros wa tanuri na uhunzi.

Kilichonivutia ni kwamba kanuni hii haikung'ang'ania kitu kingine chochote. Haijali kama wewe ni kuhani, mwizi au mpiganaji asiyejua uchawi hata wa kuwashia mshumaa. Inakaa pembeni ya karatasi ya mhusika na hesabu yake. Ndiyo maana hata waliohamia kanuni zilizorekebishwa za 2024 wanaweza kuitumia bila kugusa kitu.

Kikwazo cha kwanza hakikuwa hesabu. Mezani kwangu kuna mlokole, kuna Muislamu wa swala tano, kuna Mkatoliki wa Kibosho. Nilipotaja mungu mlezi wa kila mhusika, dada mmoja anayefundisha kemia akaweka kalamu chini: "Kaka, mimi miungu siichezei, hata kwa dadu." Nikaona ana hoja, na hoja yenyewe ikanisaidia kuliko sura yoyote ya kitabu. Ilinibidi nijiulize kule Theros kanuni hii inafanya kazi gani. Jibu langu: inamfanya mchezaji awe na deni kwa aliye mkubwa kuliko yeye, na deni hilo linaandikwa kwa tarakimu ambazo meza nzima inaziona. Huku mlimani, aliye mkubwa kuliko wewe na anayekudai siku zote bila kukuandikisha popote ni ukoo. Basi miungu tukawaacha kwao, tukaweka koo.

Kazi kubwa ilikuwa orodha za kila ukoo. Hapa usinakili. Ukichukua orodha ya Theros ukabadilisha majina tu, utaishia na ukoo unaotaka ujengewe hekalu. Nilianza na vitu ambavyo mtu wa mlimani anagombana navyo kweli. Mifongo, ile mifereji ya kuchimbwa kwa mikono inayotoa maji mtoni juu na kuyatembeza ubavuni mwa mlima hadi kwenye vihamba: kwenda kuuzibua siku ya kazi ya pamoja, alama 1. Kufungulia maji kwenye zamu isiyo yako, toa 4. Kumpa mzee sehemu yake ya nyama kabla hajaiulizia, alama 1. Kung'oa isale, ule mmea unaopandwa kuonyesha mpaka, toa 5, na hiyo ndiyo adhabu kubwa kuliko zote kwenye daftari langu. Wachezaji wenyewe waliniongezea mambo ambayo nisingeyafikiria, wakabishana kuyahusu kwa sauti kubwa kuliko wanavyobishana kuhusu mapigano.

Na isale ndilo lililonipa kile ambacho sikukiona kitabuni, yaani njia ya kurudi yenye uzito. Theros inakuambia mungu akichukia unapoteza alama, kisha ukazitafute upya kwa matendo. Kwa Wachagga mkosaji anakwenda na jani la isale kwa aliyemkosea, na aliyeletewa isale si rahisi kukataa. Nikalifanya kanuni: aliyekosewa haruhusiwi kulikataa, ila ana haki ya kutaja fidia. Fidia ikilipwa, nusu ya alama zilizopotea zinarudi. Dadu haitupwi. Mkosaji anasema kosa lake kwa kinywa chake mwenyewe, mbele ya meza.

Ilivyofanya kazi: binamu yangu anacheza mchawi. Kundi limebanwa usiku karibu na banio la mfongo, goblini wamejificha kwenye mtaro ulio chini yake. Akang'oa udongo na magogo ya mgomba yaliyoziba, maji yakashuka kwa kishindo, goblini wakasombwa. Meza ikashangilia. Mimi nikafungua daftari, maana usiku ule zamu ya maji ilikuwa ya ukoo wa chini. Alama zake zikashuka kutoka 9 hadi 5, na kipawa cha ngazi ya pili, ambacho kwetu kinaanzia 8, kikazimika hapo hapo, na bado walikuwa na safari ya kupanda.

"Binamu, si tumeokoa kijiji?"

"Mmekiokoa kwa maji ya watu."

Alinuna hadi chai ikapoa. Lakini kikao kilichofuata aliliacha pango la hazina ambalo wenzake walikuwa wakilipigia hesabu, akaenda kutafuta isale, akalipeleka kwa bibi wa ukoo wa chini. Bibi akataka mbuzi, na kundi zima litoke siku ya kuzibua mfongo. Muda wote huo hakuna aliyechomoa upanga na hakuna aliyeshika simu. Nimeendesha mapigano na mazimwi ambayo hayakupata utulivu wa namna hiyo.

Ngazi za alama nilizibadilisha. Zile 25 na 50 zinataka kampeni ya muda mrefu inayokutana kila wiki, na sisi ni watu wazima: kuna msimu wa watalii, kuna mitihani ya kusahihisha, na Desemba kila mtu yuko kijijini na ndugu waliotoka Dar. Nikaweka 3, 8 na 15, kile kipawa cha 50 nikakifuta kabisa, kwa sababu mhusika mwenye sifa ya 22 kwenye kampeni fupi anawafanya wenzake kuwa watazamaji. Vipawa vyenyewe nilivipanga kwa uzito ule ule wa kitabu: ngazi ya kwanza uchawi mdogo wa kutumia mara chache kwa siku, ngazi za juu kitu cha kujivunia. Hapo kitabu kinasaidia sana, maana miungu wamepangwa wengi na ukilinganisha vipawa vyao unaona mpaka uko wapi.

Udhaifu upo. Wachezaji wakishajua kuna alama, wanaziwinda. Kuna mhusika alianza kuwaamkia wazee wote wa mteremko, mmoja baada ya mwingine, akiniangalia usoni baada ya kila shikamoo. Dawa yangu ni mbili: mhusika hapati zaidi ya alama moja kwa kikao, na anayependekeza alama hiyo ni mchezaji mwingine, mwishoni. Makosa ninayakata mimi, papo hapo. Tangu hapo uwindaji umekwisha, ingawa sasa kuna kupigiana debe.

Kanuni nyingine ya kitabu hicho hicho iliyohama bila jasho ni ya majitu ya kihekaya, ambayo ukidhani umeyamaliza yanainuka upya na vitendo vipya. Niliivisha zimwi la Mawenzi na sikubadilisha neno.

Kwa kulinganisha, nimejaribu pia kuhamisha kutoka Dark Sun, ulimwengu uliotoka 1991 enzi za toleo la pili. Nchi yake, Athas, ni jangwa. Chuma ni adimu, sarafu ni za udongo wa kuchoma, silaha ni za mifupa, mbao na obsidiani (kioo cha volkeno) na zinavunjika, na mchawi asiyejizuia ananyonya uhai wa mimea ili apate nguvu. Silaha za kuvunjika kwetu hazikukaa. Kule zina maana kwa sababu uhaba wa chuma unagusa kila kitu, kuanzia sokoni hadi vitani. Kwenye mlima wenye wahunzi wanaoheshimika ilikuwa usumbufu mtupu, mikuki inavunjika na hakuna anayejua kwa nini. Nikaitoa.

Ule uchawi wa kunyonya mimea, hata hivyo, ukawa tamu kuliko nilivyotarajia. Athas mchawi anaharibu nchi ambayo tayari imekufa nusu. Kwetu anasimama kihambani. Akitaka kurudia dadu za madhara ruksa, ila migomba iliyomzunguka inakauka, na migomba ina mwenyewe, na mwenyewe ana ukoo. Kanuni mbili za ulimwengu mbili tofauti zikaungana bila mimi kuandika ya tatu: nguvu unaipata sasa, alama zinaondoka sasa hivi, na isale utalibeba kesho. Binamu ametumia nafasi hiyo kwa shingo upande, na kila mara anauliza kwanza shamba ni la nani.

Kanuni za safari za Adventures in Middle-earth, kitabu cha kuchezea dunia ya hadithi za Tolkien kwa toleo la tano, zile za kugawana kazi njiani kati ya kiongozi, mpelelezi, mwindaji na mlinzi, zinafaa popote penye msafara. Sisi tunazitumia kushuka pwani na pembe na kupanda na shanga, na sijaona cha kulalamikia.

Sasa hela. Kanuni za msingi za mchezo, SRD 5.1, ziko bure kwa leseni ya Creative Commons tangu Januari 2023, na nusu ya meza yangu wanachezea hizo kwenye simu. Uchaji haumo humo. Lazima upate kitabu. Madukani hapa mjini sijakiona, na kukiagiza peke yako kunauma kwa sababu usafirishaji unashindana na bei. Ukitaka tu mfumo wa alama, nunua ya kidijitali au mchange meza nzima mpate nakala moja. Sisi tulichanga, ikaletwa na mtu aliyekuwa anarudi likizo. Sura za miji, ramani na viumbe vya Theros zimebaki hazijaguswa, picha ni nzuri lakini hatuzihitaji. Natoa nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu kitabu kinaandika vizuri sana namna ya kumpendeza mkubwa wako, na kidogo mno namna ya kupatana naye.