Dawa ya injekta haikutosha, sensa ndiyo iliyonipitisha ukaguzi

Gari langu la petroli lilikataliwa kwenye ukaguzi kwa sababu ya moshi. Moshi wenyewe hauonekani, ila ukisimama nyuma ya bomba dakika moja macho yanawasha na pua inajaa harufu ya petroli mbichi. Karatasi niliyopewa ilisema CO (monoksidi ya kaboni, gesi yenye sumu) 1.8%, HC (petroli isiyoungua) 310 ppm, yaani sehemu kwa milioni, na lambda (kipimo cha hewa dhidi ya petroli) 0.95.

Nilikimbilia dawa ya kusafisha injekta (vinyunyizio vya petroli), ile ya kumimina kwenye tangi yenye kemikali ya usafi iitwayo polietheramini. Nilifuata maelekezo ya chupa nikatembelea tangi zima. Niseme haki: misi ya asubuhi (injini kukosa kuwaka sawasawa) ilipungua, na nilipopima tena HC ilishuka hadi 220. CO haikusogea hata kidogo. Kama injekta zako ni chafu, dawa itakusaidia. Kama injini inapewa petroli kupita kiasi, unamwaga hela.

Ndipo nikaenda kwa fundi mwenye mashine ya kupima gesi, na huduma yake ndiyo hasa ninayoandikia. Kabla ya kugusa chochote aliisoma ile karatasi. Lambda ikiwa chini ya 1, akasema, petroli imezidi hewa. Injini inahitaji takriban kilo 14.7 za hewa kwa kilo 1 ya petroli, na masega (kichujio cha kusafisha gesi kwenye bomba la moshi) hayawezi kuunguza CO pasipo oksijeni ya kutosha. Nilikuwa nimeshashauriwa nibadilishe masega, kifaa cha gharama kubwa! Akafungua plagi moja akaniwekea kiganjani: ncha nyeusi, masizi makavu yanayofutika kwa kidole.

Akaunganisha kompyuta tukaangalia sensa ya oksijeni iliyo kabla ya masega. Sensa nzima ya aina hii, injini ikishapata moto, hupanda na kushuka haraka kati ya volti 0.1 na 0.9. Yangu ililala kwenye 0.2. Kila wakati ilikuwa ikiiambia kompyuta ya gari kwamba petroli ni kidogo, na kompyuta inaongeza. Hata hapo hakuniambia ninunue mpya. Tuliacha injini ipoe, akaiwasha na kupaka maji ya sabuni kwenye maungio ya bomba, maana tundu dogo tu kabla ya sensa huvuta hewa ya nje na kuidanganya vilevile. Hapakutoka povu. Tukabadilisha sensa, plagi, ea klina, na oili pia, kwa sababu ya zamani ilikuwa inanuka petroli na mvuke wake hurudi kuunguzwa kwenye injini.

Siku ya ukaguzi niliendesha nusu saa nzima na sikuzima injini nikisubiri zamu, kwa kuwa masega hayaanzi kusafisha mpaka yafike joto la nyuzi 300 hivi. CO 0.1%, HC 35, lambda 1.00. Limepita.

Msichomoe betri asubuhi hiyo ili kufuta taa ya injini. Kompyuta ya gari husahau majaribio yake ya ndani, na mkaguzi akiiunganisha ataona hayajakamilika.

Dawa naipa nyota 3, fundi 5. Kasoro yake ni moja: karatasi ya vipimo vya mwisho hakunipa mpaka nilipoiomba. Iombeni.