Majani ya kunde: friji au kuanika?

Majani ya kunde yakijaa sokoni, ubishi ni ule ule: uyatie kwenye friji au uyaanike?

Kwa gharama, kuanika hakuna mpinzani: ungo, kipande cha chandarua cha kuzuia nzi, na siku mbili tatu za hewa kavu. Friji inakula umeme hata ikiwa tupu. Na umeme ukikatika, utaijua harufu ya mboga iliyolala kwenye mfuko uliofungwa.

Kwa lishe, friji iko mbele. Kukausha hupoteza sehemu kubwa ya vitamini C, na jua kali hupunguza vitamini A. Ndiyo maana mimi huanika kivulini, baada ya kuyachovya kidogo kwenye maji yanayochemka. Ila friji nayo ina masharti: majani yaingie bila majimaji, yamefungwa kwa kitambaa, la sivyo yanateleza kama bamia.

Makavu hukaa miezi chombo kisipopitisha unyevu. Nsansa ya Wasukuma, yaani majani ya kunde yaliyokaushwa, ikiungwa kwa karanga, mabichi huyakumbuki.

Uko Dodoma kwenye hewa kavu? Anika. Uko Tanga, na genge liko mlangoni? Friji, tena nunua kidogo kidogo.