Kozi ya XML chuoni: lugha tamu, ufundishaji shubiri

Mniwie radhi kwa ukali, lakini kozi hii imenichefua. Muhula karibu wote tumekaririshwa: XML, lugha ya kupanga data kwa tegi (alama kama <kitabu>), ilipitishwa na W3C, shirika la viwango vya wavuti, mwaka 1998, imetokana na SGML, lugha ya alama iliyoitangulia, tegi ikifunguliwa sharti ifungwe, elementi (tegi na vilivyomo ndani yake) ya mzizi, inayobeba nyingine zote, iwe moja tu. Sawa, tumesikia.

Balaa ni maabara. Tulipewa faili la mchoro wa SVG (mchoro ulioandikwa kwa XML) tuhesabu miduara kwa XPath, lugha ya kutafutia vitu ndani ya XML. Nikaandika //circle, yaani elementi zote za circle (mduara), vilevile slaidi zilivyoelekeza. Jibu: sifuri. Nafungua faili, miduara hiyo hapo, tele! Wala hakuna ujumbe wa kosa. Ukisahau kufunga tegi, angalau programu inagoma palepale na kukutajia mstari. Hapa kimya.

Nikamwita mhadhiri. Hata skrini hakuitazama. "Kama kusoma jina la tegi kumekushinda, kozi hii si yako." Darasa zima kicheko. Mtu analipwa kufundisha, huyo!

Sababu nikaja kuifukua mwenyewe, baadaye sana. Juu ya faili kuna xmlns, tamko la neimspesi (anwani inayoonyesha majina ya tegi ni ya familia ipi), kwa hiyo kila elementi humo ni ya neimspesi ya SVG. XPath 1.0 nayo, ikikuta jina lisilo na kiambishi (kifupi cha neimspesi mbele ya jina), hutafuta elementi zisizo na neimspesi yoyote. Dawa: unasajili kiambishi, tuseme s, kwa anwani ileile iliyo kwenye xmlns, halafu unaandika //s:circle. Basi! Kanuni hiyo ipo tangu 1999, na slaidi zake zote ni katalogi ya vitabu isiyo na xmlns hata moja. Katufundisha kuogelea kwenye beseni.

Nilikuja hapa kutoa nyota moja. Ila haki isemwe: tangu nielewe hilo, nimefungua hata docx, faili la Word (kumbe ni faili la zipu lililojaa XML) nikachomoa vichwa vya sura vyote kwa mkupuo, na nilifurahi kupita kiasi. Basi tatu.

Hapana, tatu ni nyingi. Kile kicheko bado kinanikereketa. Mbili, na zote ni za XML yenyewe, mhadhiri asijidai. Ukijiandikisha, muulize mapema neimspesi zinafundishwa lini. Akianza kuzungukazunguka, tafuta kozi nyingine kabla dirisha la kubadilisha halijafungwa.